Mgonjwa Habebeshwi Maji

Pangani, Kibaha
6 Julai 2025

Wifi yangu, dada Mwanajuma,

Shikamoo. Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya mwanao Mwinyijuma ikipigwa huko inawekwa sauti kubwa na ukoo mzima unaizunguka, na haya ninayotaka kukwambia si ya ukoo mzima. Barua ataileta Evodius atakapokuja kununua mihogo Jumatatu. Isome peke yako, kisha ichome au ifiche, utakavyoona mwenyewe.

Siku ile mlipokuja kumchukua Badru hamkunipa nafasi ya kusema. Mlimkuta uani kashika vidumu viwili vya maji, jasho linamtoka, mimi nimekaa juu ya ndoo nahesabu. Ukapiga kelele mpaka majirani wakachungulia: mdogo wako amegeuzwa punda wa nani? Nilistahi umri wako nikanyamaza. Leo nasema.

Badru haumwi vidonda vya tumbo. Ana kansa ya kongosho, kile kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, kinachosaidia kusaga chakula. Iligundulika mwezi wa pili. Aliniapisha nisimwambie mtu, hasa wewe, akisema dada akisikia atatangulia yeye. Nimekaa na siri hii miezi mitano na imenichosha kuliko kazi yangu ya kuwapikia wanafunzi mia tatu. Nisamehe kwa kukwambia kwa barua.

Kupasuliwa hakukuwezekana. Alikuwa anapewa dripu za dawa za kansa. Haziponyi, zinausogeza ugonjwa nyuma ili apate muda. Zile za mwisho zilimlaza kabisa, daktari akazisimamisha mpaka tarehe 27 Agosti. Siku hiyo atampima. Akiweza kuinuka kwenye kiti mara nane ndani ya nusu dakika bila kushika kitu, na kutembea bila kushikwa, ataendelea na dripu. Asipoweza, basi, hazitarudi, kwa sababu mwili uliolegea zinaumaliza zenyewe.

Huu ugonjwa unakula nyama za mwili, wifi. Umeiona mikono yake, mikono ya mwashi aliyekuwa anabeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo. Na kulala kunausaidia kula. Ndiyo maana dada Laurentia, mtaalamu wa mazoezi pale hospitali, alitupa kazi ya siku tatu kwa wiki, katikati anapumzika. Anakaa kwenye kiti kigumu na kuinuka, mara nyingi awezavyo. Anashika ukuta na kupanda juu ya vidole vya miguu. Anatembea barazani na vidumu viwili vya lita mbili mbili. Halafu anavuta mpira kwa mikono, anaupeleka kifuani na kuuachia polepole. Mpira wenyewe ni kipande cha tyubu ya baiskeli, nimempa Evodius pamoja na barua hii. Nakuomba uhakikishe anafanya.

Jambo la mwisho. Alipoingia garini nilitaka kupanda, akaniambia, "Zuwena, usinifuate." Mlisikia nyote. Sijamfuata. Na ninajua Vailet ndiye aliyewapelekea maneno, dirisha lake linatazama uani kwangu. Nitamalizana naye mwenyewe.

Wifi yako,
Zuwena


Msanga, Kisarawe
13 Julai 2025

Wifi Zuwena,

Marahaba. Barua nimeisomea kwenye mikorosho, nikiwa nimedanganya nyumbani kwamba naenda kuangalia maua. Nimelia mpaka miwani haikuwa na kazi tena. Halafu nikakasirika, na mpaka sasa naandika nimekasirika, kwa hiyo nivumilie.

Miezi mitano! Mimi niliyembeba Badru mgongoni mpaka mgongo ukapinda, naambiwa vidonda vya tumbo, nahangaika kutuma asali! Wewe ulimkuta ana ndevu, wifi. Usinifundishe kumpenda.

Na kama ni kansa, si ndiyo alale zaidi? Wewe umezaliwa wapi? Kwetu mgonjwa habebeshwi maji. Mgonjwa anatandikiwa, anapikiwa, anafukuziwa nzi. Watu wakija kumjulia hali wamkute amelala, wajue ana watu wa kumuuguza. Wakimkuta ananyanyua madumu watasema wenye nyumba wamemchoka, na hawatakosea kusema. Huyo Laurentia wako ana mgonjwa nyumbani kwake, au anafundisha tu wagonjwa wa watu?

Hapa anakula supu ya kuku na uji wa mchele. Nimemsogezea kitanda mlangoni apate upepo. Wazee wanakuja kukaa naye, anasikiliza redio, ametulia. Nilikuwa sijauona uso wake umetulia hivi tangu Idi ya mwaka jana.

Mpira nimeupata. Mazoezi anafanya, usijali.

Mwanajuma


Pangani, Kibaha
20 Julai 2025

Dada Mwanajuma,

Shikamoo. Umenisema na nimesemeka. Hata hivyo ule mstari wa mwisho nimeusoma mara tatu na nimekushukuru mara tatu. Basi niambie, anainuka mara ngapi? Alipoondoka hapa alikuwa amefika tano, na ya tano alikuwa ananung'unika.

Namtumia vidonge vyake, alivisahau dirishani. Avimeze katikati ya kula, si baada ya kula. Bila hivyo chakula kinapita tu, mwili hauchukui kitu. Na supu pekee haitoshi, mpe mayai, mpe dagaa, mpe maharage yaliyopondwa. Kidogo kidogo mara sita kwa siku. Akisema ameshiba mwambie mimi nimesema hajashiba.

Huku nyumba imekuwa kubwa. Narudi kutoka shuleni nanukia moshi, nakaa, hakuna wa kuniuliza leo wanafunzi wamekula nini. Vailet alinisalimia juzi nikapita kama sikumsikia. Sufuria lake nimelirudisha kwa kuliweka mlangoni, sikubisha hodi. Ananishangaa, na mimi naushangaa uso wake usio na haya.

Badru ananiulizia?

Zuwena


Msanga, Kisarawe
27 Julai 2025

Wifi,

Marahaba. Anaendelea vizuri. Mazoezi anafanya kumi kumi. Vidonge anameza. Hata mwili umeanza kurudi, miguu imenenepa mpaka kandambili zinambana.

Salamu zako amezipata. Nina wageni wa kuwapikia, nitaandika zaidi siku nyingine.

Mwanajuma


Pangani, Kibaha
3 Agosti 2025

Dada Mwanajuma,

Sikusalimii kwanza, nitakusalimia mwishoni kama nitakuwa nimepoa.

Kumi kumi? Mtu aliyefika tano kwa kunung'unika anafanyaje kumi kumi ndani ya wiki tatu? Nilijilazimisha kuamini. Jana nimekutana na Evodius sokoni Kwa Mathias, nikamuuliza kwa furaha, ule mpira wa mzee umeuona? Akasema ameuona. Umefunga mzigo wa kuni nyuma ya baiskeli ya Mwinyijuma.

Nimempigia Laurentia nikamwambia miguu imenenepa. Akaniuliza kama ukiibonyeza kwa kidole linabaki shimo. Ibonyeze, wifi. Hiyo si nyama, ni maji. Mapaja hujayatazama, kwa sababu umeyafunika shuka.

Umenidanganya. Kunichukia ni haki yako, wifi na wifi hatukosi la kuchukiana. Lakini hapa unamdanganya nani? Tarehe 27 daktari hatauliza barua zako zinasemaje. Atamwambia inuka. Zimebaki siku ishirini na nne, na Jumamosi nakuja, atake asitake.

Shikamoo.

Zuwena


Msanga, Kisarawe
5 Agosti 2025

Wifi yangu Zuwena,

Marahaba. Tairi la Evodius limepasuka, amelala hapa, kwa hiyo jibu linakufikia upesi.

Nimeibonyeza miguu. Shimo limebaki.

Nimekudanganya, ni kweli. Siku ya kwanza nilimwambia ainuke kwenye kiti kama ulivyoandika. Akainuka mara mbili, midomo ikawa myeupe, nikamwambia basi, kalale. Kesho yake alipouona mpira akageukia ukutani. Na mimi nikafurahi alivyogeuka, Mungu anisamehe, kwa sababu na mimi sikutaka.

Nitakwambia kitu ambacho hakuna anayekijua. Mama yetu aliugua nikiwa na miaka kumi na minne, Badru akiwa bado ananyonya. Siku moja nilikuwa na njaa, nikamwambia, mama, si uinuke kidogo tu utwange. Akainuka kwa ajili yangu. Alianguka pale pale kwenye kinu. Watu walisema ni siku yake, na hakuna aliyenilaumu, kwa sababu hakuna aliyejua kuwa mimi ndiye niliyemwinua. Nina miaka sabini. Siwezi kumwambia mgonjwa ainuke, wifi. Mdomo wangu unakataa.

Jingine ni zito zaidi, na niliapa nisiliseme, lakini wewe ulishanivunjia kiapo chako, acha na mimi nivunje changu. Mwache Vailet. Hana kosa. Hakuna jirani aliyeniletea neno. Badru mwenyewe alinipigia. Alisema, "Dada, njoo unichukue, nimechoka kuhesabiwa. Nikifumba macho namsikia Zuwena, tatu, nne, tano. Sina mke tena, nina mwalimu wa zamu." Akaniomba nije kwa ukali, ionekane nimeamua mimi, wewe usijue ametaka mwenyewe. Zile kelele zote nilizokupigia uani, wifi, niliagizwa. Nusu yake niliongeza mwenyewe.

Jumamosi usije. Sikukatazi kwa mumeo, naomba tu. Sasa hivi hawezi kuinuka kwenye kiti kabisa, mimi na Mwinyijuma tunamshika kwapa. Hataki umwone hivyo. Nipe wiki moja nitafute njia.

Wako,
Mwanajuma


Pangani, Kibaha
10 Agosti 2025

Dada Mwanajuma,

Shikamoo.

Ile sehemu ya kuhesabiwa imeniuma. Siwezi kuizunguka, imeniuma sana. Nilidhani namshika asizame, kumbe nilikuwa namkimbiza. Kila asubuhi kabla ya kazi nilikuwa nawasha taa, naweka kiti, nasema haya baba, moja. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokaa naye bila kumwambia afanye kitu. Nilikuwa naogopa, dada. Nikiwa nahesabu siogopi, nikinyamaza naogopa.

Kwa habari ya mama yenu, ulikuwa mtoto mwenye njaa. Ningekuwa karibu ningekukumbatia, na hilo si jambo nililotegemea kukuandikia mwaka huu.

Sasa nikueleze mlivyotaka kuniua Ijumaa. Evodius alirudi huko Alhamisi kumalizia mihogo yake. Akaja kuniambia, bila kujua anasema nini, kwamba yule mzee Maneno, Mnyamwezi, ameshinda kwako siku tatu mfululizo na amekuja na jembe. Wifi! Mtani wa Kinyamwezi, kwenye nyumba ya Mzaramo mgonjwa, na jembe mkononi! Ningefikiri nini kingine, na watani ndio wachimba kaburi? Nikasema wameshazika. Wameshazika, na mimi wananificha kwa sababu nilimtesa.

Niliacha maharage ya shule jikoni, nikafunga kanga mbili, nikakimbilia Kwa Mathias, nikapanda basi. Nampigia Mwinyijuma hapokei. Nampigia tena. Abiria wananitazama. Alipopokea hakusema hata haloo, alikuwa anacheka, na nyuma yake nikasikia sauti ya Badru. Anatukana. Anamtukana mtu matusi ambayo siwezi kuyaandika, kwa pumzi ndefu, bila kukatika. Sijawahi kufurahia matusi kiasi kile. Nikamwambia konda anishushe, akanisema sana, nikashuka nacheka na machozi.

Nilishuka kwa sababu alisema nisimfuate, na sasa najua kwa nini alisema.

Nimekwenda kwa Vailet kuomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia yeye muda wote alidhani nimekosana naye kwa sababu ya kuku wake. Kisha akanipa lile sufuria tena, lina pilau.

Niambie Maneno anafanya nini na jembe.

Zuwena


Msanga, Kisarawe
17 Agosti 2025

Wifi yangu,

Marahaba, na pole kwa kupanda basi na kushuka. Mwinyijuma nimemtia adabu kwa kutokupokea simu.

Sikumwita Maneno. Alikuja Jumanne mwenyewe, Evodius akiwa anaziba tairi. Wenzake wote wanaingia wanasema pole, pole, wanakaa kimya, wanamtazama Badru kama wanamuaga. Maneno aliingia na jembe begani, hakutoa hata salamu, akaulaza mpini kitandani kando ya Badru akampima kutoka kichwani mpaka miguuni. Akasema, "Mpini mmoja na nusu. Umepungua, asante, hutatuchosha kuchimba."

Nilitaka kumpiga na mwiko. Lakini unajua ilivyo. Sisi na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao wanabebea watu mizigo kuja pwani. Mtani akikuchokoza hukasiriki, ukikasirika umejiaibisha wewe. Nikatazama kitandani nikamwona Badru mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka, wifi. Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akamtukana, na Maneno akachukua ile redio, akatoka nayo, akaiweka chini ya mfenesi. "Ukiitaka, ifuate."

Badru akaniita nimletee. Nikainuka. Maneno akaniambia, dada akiileta, kesho nachukua na kitanda. Na mtani akichukua kitu humdai. Nikakaa. Nimekaa, naangalia vidole vyangu. Badru akajaribu kuinuka akarudi. Akajaribu tena. Mara ya nne akasimama, ameshika ukuta, anamtukana babu wa Maneno na babu wa babu yake, akafika mfenesini.

Tangu siku hiyo kila siku ni hivyo. Redio inasogea. Juzi Maneno akaleta mihogo, akamshikisha mmoja kila mkono, akasema, "Wazee wangu waliota sugu vichwani kwa mizigo yenu. Leo zamu ya Mzaramo." Akamzungusha nayo uwanja mzima. Nimeinyanyua ile mihogo kwa siri, ina uzito wa vidumu vyako, labda zaidi. Halafu anamwambia kaa, anamwambia sikukwambia ukae, inuka, anamwambia kaa. Wanatukanana. Hakuna anayehesabu. Nahesabu mimi, jikoni, kimoyomoyo, ili asinisikie.

Jana aliinuka mara tano. Vidonge nampa katikati ya kula. Mpira nimeufungua kwenye kuni na nimemwambia Mwinyijuma atafute kamba.

Nimechoka, wifi. Usiku nafumba macho naona siku zile nilizomfunika shuka, nikijisifu kwa wageni kwamba nauguza. Wewe ulikuwa unanipigia kelele kwa barua, na mimi nachagua maneno ya kukujibu.

Ameniuliza kama huwa unamuulizia. Nimemwambia kila barua. Akasema, "Mwambie tuonane hospitali tarehe 27."

Mwanajuma


Pangani, Kibaha
31 Agosti 2025

Dada Mwanajuma,

Uliondoka hospitali bila kuniaga. Nilipotoka chumbani kwa daktari nikakuta benchi tupu, na Mwinyijuma anasema mama amekwenda kituoni, anaumwa kichwa.

Kwa kuwa hukutaka kusikia, nitakwambia. Aliingia kwa miguu yake, hakushikwa. Daktari akafurahi. Laurentia akaweka kiti ukutani, akashika saa. Badru akanitazama, nikageuza uso nisije nikafungua mdomo. Akainuka. Moja mpaka nne alikwenda vizuri kabisa. Ya tano akayumba. Ya sita aliinuka kwa meno. Ya saba alifika nusu, akaning'inia pale katikati, mikono ikatafuta pa kushika, ikashika kiti. Muda ukaisha.

Sita. Daktari alivuta kiti chake akakaa karibu naye, akazungumza naye polepole, na upole wake ndio ulioniumiza. Alisema amefanya kazi kubwa na kwamba angepata wiki nyingine tatu pengine angefika. Lakini ugonjwa hauwezi kusubiri wiki tatu, kipimo kipya kimeonyesha umeshakwenda kwenye ini, na kwa mwili huu hawezi kumpa dripu. Atampa dawa za maumivu. Badru akasema, "Sawa daktari, ahsante."

Mbili, wifi. Zilizokosekana ni mbili. Karibu mwezi mzima alilala kwenye kitanda chako cha mlangoni anapigwa upepo. Nimejaribu kutokufikiria hivyo na nimeshindwa. Nikiosha vyombo nafikiria, nikikoroga ugali wa wanafunzi nafikiria. Barua zako za uongo ninazo, nimezitoa nikazisoma upya, na nimekuchukia kwa moyo wangu wote. Nikimaliza kukuchukia wewe najigeukia, kwa sababu asingekupigia simu kama mimi ningeweza kukaa naye kimya hata asubuhi moja.

Amekuja na mimi Kibaha. Alisema mwenyewe garini, "Twende nyumbani." Halafu akalala njia nzima, kichwa begani kwangu, mwepesi mno.

Sijui kama nitakusamehe. Nakwambia usije ukadhani ukimya wangu ni amani.

Zuwena


Msanga, Kisarawe
7 Septemba 2025

Zuwena,

Mlango wa daktari haukufungwa vizuri. Nilikuwa naisikia sauti ya yule dada anahesabu. Alipofika sita nikasubiri saba. Nilisubiri, wifi. Aliposema basi, nikaona siwezi kukutazama machoni, nikainuka nikaenda.

Nimekosa. Nimemwinua mama nilipotakiwa kumwacha, nikamlaza Badru nilipotakiwa kumwinua. Sina cha kujitetea. Usiponisamehe nitakuelewa, nami sitakusumbua. Niambie tu anaendeleaje, hata kwa mstari mmoja.

Maneno anakuja kila siku kuuliza. Hatanii.

Mwanajuma


Pangani, Kibaha
14 Septemba 2025

Dada Mwanajuma,

Shikamoo.

Anaendelea hivi. Wiki ya kwanza alikaa kitandani, mimi namuogesha. Namvua, namfuta kwa kitambaa, namgeuza, yeye anatazama dari. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na alikuwa ananionea haya kama mgeni.

Laurentia alinipigia. Akaniambia mazoezi yaendelee, machache, kadiri atakavyoweza. Nilimjibu vibaya. Nikamwambia ya nini tena, dripu si mmeshakataa? Akanivumilia, akaniambia, "Dada, anayeweza kuinuka anakwenda chooni mwenyewe. Anaoga mwenyewe. Mtunzie hilo." Nikakata simu, nikakaa jikoni mpaka chai ikapoa. Sikumwambia Badru chochote. Nilikiweka tu kile kiti kigumu karibu na kitanda, nikatoka, nikaenda kazini.

Sijui alifanya nini na kiti hicho siku tatu nisipokuwepo, sikuuliza. Alhamisi niliporudi aliniambia nimpelekee maji ya uvuguvugu bafuni. Nikapeleka. Akaja mwenyewe, ameshika ukuta, ana taulo begani. Nilipotaka kuingia naye akaweka mkono mlangoni. "Hapana, mama. Leo naoga."

Akafunga komeo. Nikavuta kigoda nikakaa nje ya mlango. Nikasikia kata inaingia kwenye ndoo, maji yanamwagika, anahema. Kata tena. Sabuni ilianguka, nikasikia anavyoinama kuitafuta, na ilichukua muda mrefu sana, nikauma kanga. Halafu kukawa kimya. Hakuna maji, hakuna kuhema. Nikasimama, nikashika mlango, nikawa tayari kuuvunja. Akasema kwa ndani, taratibu, "Zuwena, kaa."

Nikakaa.

Alitoka baada ya muda, mapovu yamembakia sikioni, amechoka, mkono mmoja ukutani, na ana uso wake wa zamani. Alinipita, akaenda kujilaza, akalala usingizi mzuri mpaka magharibi. Juzi ameoga tena. Jana tena. Leo tena. Daktari hasemi ni wiki ngapi, na mimi nimeacha kumuuliza.

Wifi, mimi naweza kupika, naweza kuosha, naweza kumpa dawa kwa saa zake. Ile ya kukaa kwenye kigoda, mikono mapajani, nasikia anahangaika na siingii, ndiyo inayonimaliza. Nimeuma kanga siku zote nne. Wewe ulikaa ukamtazama akiufuata mfenesi na hukumletea redio, uliniandikia mwenyewe.

Bado sijakusamehe. Funga nguo zako uje na Evodius Jumatatu. Anaoga saa kumi, na nje ya ule mlango siwezi kukaa peke yangu.

Wifi yako,
Zuwena